Kijana wangu anasema kafuri ina ya kulia na ya kushoto, na leza ndiyo inayozijua. Anakula ada yangu au?

#1 BiKafuri
Salaam wakuu. Nina meza sokoni hapa Mtwara mjini, nauza udi, ubani, kafuri, mafuta ya mawaridi, vitu vya harusi na vitu vya msiba. Mama yangu alikuwa muosha maiti Mikindani, kwa hiyo kafuri naijua tangu sijang'oa meno ya utoto.

Mwanangu yuko chuo mwaka wa tatu, anasoma kemia. Kaja likizo, kakaa mezani siku moja tu, akaokota kipande akaniambia, "Mama, unajua hizi ziko mbili? Kuna kafuri ya kulia na ya kushoto." Nikamwambia ya kulia mia tano, ya kushoto mia tano, uza. Hakucheka. Anasema ni mapacha wa kwenye kioo. Uzito mmoja, zinayeyuka kwenye joto moja, hata harufu watu wengi hawazitofautishi. Lakini wazungu wanazijua kwa miali ya leza "iliyofinyangwa". Mwanga unafinyangwa kama chungu!

Swali langu ni hili: vitu viwili vikilingana kila kitu, mwanga unajuaje huyu wa kulia na huyu wa kushoto? Ni kweli au natuma ada bure?

#2 KoroshoGhafi
Siti ya mbele. Nimekuja na za kukaanga.

#3 MwanaNewala
Ntwara kuchele! Mama, mtoto anasoma, usimkatie ada. Ila mimi namuuliza yeye: molekuli ni kidude kinaelea hewani, kinabiringika ovyo. Ukikigeuza si ya kushoto inakuwa ya kulia? Nkuu yeyote mwenye jibu aniambie.

#4 FundiPedeli
Mimi sijui kemia, najua baiskeli, niko nazo miaka 22. Pedeli ya kushoto uzi wake unafungwa kinyume. Chukua pedeli mbili, weka mezani: uzito mmoja, chuma kimoja, urefu mmoja. Kijana mgeni gereji anakaza ya kulia upande wa kushoto mpaka anaharibu krenki, halafu anasema pedeli mbovu.

Sasa MwanaNewala, igeuze hiyo pedeli kichwa chini miguu juu, uzi haubadiliki. Unabaki wa kushoto hata ukiutupa baharini.

Unazitambuaje bila kuangalia? Unajaribu na nati. Nati nayo ina mkono wake. Fimbo iliyonyooka haiwezi kukuambia kitu, lazima kifaa chenyewe kiwe na kushoto na kulia. Nadhani huo mwanga wa mtoto wa mama nao una uzi.

#5 MchomeleajiShangani
#4 umemaliza. Mtungi wa oksijeni nati inafungwa kulia, wa asetilini inafungwa kushoto, na nati yake imekatwa mikato kwenye kona ili hata gizani ujue kwa kidole. Wametumia ukushoto kuzuia watu wasilipuke.

#6 MwanaNewala
Nimekubali kwa bolti. Kwa ndala je? Ndala ya kushoto ukiigeuza chini juu inafuata umbo la mguu wa kulia. Nimejaribu sasa hivi hapa barazani.

#7 KoroshoGhafi
Jukwaa la sayansi, watu wamevua viatu.

#8 TichaMasasi
Habari za jioni. Nafundisha fizikia sekondari, nitajibu kidogo kidogo maana nasahihisha.

MwanaNewala, swali lako la ndala ni zuri kuliko unavyodhani. Soli tupu, bila kanda, ni kitu bapa. Kitu bapa ukikigeuza kinalingana na pacha wake, hakina mkono. Rudisha kanda sasa: kidole gumba kina upande wake na mguu unakaa juu, si chini. Hapo hata uigeuze vipi, ya kushoto haigeuki ya kulia. Mkono unahitaji urefu, upana NA kimo. Ukikosa kimoja umeukosa.

Kafuri ina kimo, molekuli yake ni kama kikapu kidogo kilichopinda. Ndiyo maana ina pacha. Zile gololi nyeupe za kufukuza nondo kabatini, za nafthalini, molekuli yake ni bapa kama soli, haina kushoto wala kulia. Mama, nakuomba usiuze zile kwa jina la kafuri, wapo wanaofanya hivyo.

Kuhusu mwanga: leza ya kawaida unaweza kuichuja mtikisiko wake ukazunguka badala ya kwenda juu na chini tu. Ukizunguka huku unasonga mbele, unachora parafujo angani, ya kulia au ya kushoto utakavyo. Hiyo ndiyo nati ya FundiPedeli. Parafujo ya kulia hunywewa na kafuri ya kulia tofauti kidogo na inavyonywewa na ya kushoto. Mwanao hakudanganyi.

#9 FundiPedeli
Nilijua tu. Niitwe profesa.

#10 MajiYaNtama
Samahani Ticha, ulichosema ni kweli lakini umeruka shimo kubwa. Nipo maabara, sitaji wapi.

Hiyo parafujo ya mwanga hatua yake moja ni urefu wa wimbi moja. Mwanga wa kijani ni kama nanomita 500. Molekuli ya kafuri haifiki hata nanomita 1. Ili mama aone kwa macho: fanya molekuli iwe korosho moja, hatua moja ya uzi wa mwanga inakuwa na urefu wa mnazi mzima, mita 17 au 18. Korosho imekaa kwenye shina la mnazi, itajuaje kwamba mnazi umejipinda? Inaona shina limenyooka, basi.

Ndiyo maana njia hiyo ya zamani tofauti yake ni ndogo sana, mara nyingi sehemu moja kwa elfu au pungufu ya hapo. Inafanya kazi, lakini ni kama kusikiliza mbu kwenye ngoma ya unyago.

#11 KoroshoGhafi
Mnazi gani wa mita 17, wa Lindi? Ya kwetu mirefu zaidi.

#12 MkweziMstaafu
Nimepanda minazi Lindi mpaka goti likakataa. Mita hizo zipo, na zaidi. Halafu mnazi haunyooki kama mnavyosema, una pindo lake. Endeleeni.

#13 BiKafuri
Wanangu asanteni. Nimesoma mpaka #10 nikampigia simu mwanangu, akasema "huyo wa korosho na mnazi ndiye anayejua." Lakini sasa nimechanganyikiwa zaidi. Kama uzi wa mwanga ni mpana kuliko bolti mara mia saba, hao wenye leza wanafanyaje?

#14 TichaMasasi
#10 nakubali shimo. Nilitaka kulifikia baada ya kusahihisha Kidato cha Tatu B.

#15 ShiraNaAsali
Jamani mbona mnakimbilia leza? Jambo hili ni la tangu enzi za babu. Pasteur, Mfaransa, mwaka 1848 akiwa na miaka 25, alikuwa na chumvi ya tindikali itokanayo na mvinyo. Akaona chini ya kioo cha kukuzia kwamba chembe zimeinama nyingine kulia nyingine kushoto. Akazichambua moja moja kwa koleo ndogo kama akina mama wanavyochambua korosho, nzima huku, vipande kule. Akayeyusha kila fungu peke yake: moja likapinda mwanga kulia, yaani likazungusha upande ambao mwanga unatikisikia, jingine kushoto. Mzee Biot, mwanafizikia mkongwe, hakuamini, akamwita arudie mbele ya macho yake.

Na alikuwa na bahati. Chembe za chumvi ile hujitenga hivyo zikiundwa kwenye ubaridi, chini ya nyuzi kama 27. Angefanyia Mtwara mwezi wa kumi na mbili angepata chembe za mchanganyiko akaenda kulala.

Sukari wanapima hivyo mpaka leo viwandani. Unapitisha mwanga uliochujwa utikisike upande mmoja tu kwenye maji ya sukari, unaona umepinda nyuzi ngapi, unajua sukari iko kiasi gani. Leza ya kufinyanga ya nini?

#16 Mfamasia_Lindi
#15 kwa sababu maji ya sukari ni glasi nzima, na mtu wa dawa wakati mwingine ana tone. Anataka kujua kwenye tone hilo pacha mbaya yupo kwa asilimia ngapi.

Niongeze la kazini. Ibuprofeni mnayomeza kichwa kikiuma ni mapacha wote wawili. Mmoja ndiye anayetuliza, wa pili mwili wenyewe unamgeuza sehemu kubwa awe kama mwenzake. Levofloksasini, hilo "levo" ni kushoto: wamemchukua pacha wa kushoto wa ofloksasini wakamuuza peke yake. Levosetirizini vilevile. Angalieni maboksi nyumbani.

#17 KoroshoGhafi
Nimeangalia. Kweli kuna levo. Nimekaa na boksi hili miezi sita sikujua ni la mashoto.

#18 SalimuWaUbao
Mfamasia ni ile dawa ya Ujerumani iliyozaa watoto bila mikono? Nilisoma kwamba pacha mmoja alikuwa mzuri na mmoja muuaji, na wangewatenganisha watoto wangepona.

#19 Mfamasia_Lindi
Thalidomaidi. Iliuzwa Ujerumani Magharibi kuanzia 1957, ikaondolewa 1961, watoto waliodhurika wanakadiriwa kuwa zaidi ya 10,000. Marekani daktari Frances Kelsey aliikatalia kibali, akawaokoa wengi. Lakini hilo la mwisho si sahihi, ingawa kila mtu analirudia: ukimpa mgonjwa pacha mmoja tu, ndani ya mwili anageuka-geuka na baada ya saa chache wote wawili wapo. Kuwatenganisha kusingetosha.

#20 SalimuWaUbao
Duh. Asante kwa kunirekebisha.

#21 MajiYaNtama
Narudi kwa swali la mama #13. Nitatumia ndala za MwanaNewala, maana zimefika mbali kuliko alivyokusudia.

Ukisimama mahali pamoja, penye molekuli yetu, ule mwanga unaozunguka unachora nini? Duara. Duara ni bapa. Ni soli bila kanda. Uigeuze, unazunguka kinyume, hauna mkono wake wa kweli mahali hapo. Ule ukulia na ukushoto wake uko kwenye urefu wa mnazi, na korosho haiuoni mnazi.

Basi mwaka 2019 watu wa Taasisi ya Max Born, Berlin, akina David Ayuso na Olga Smirnova na wenzao, walisema: tusitegemee mnazi, tuipe soli kanda. Chukua leza mbili zikutane kwa pembe, si kwa mstari mmoja. Kila moja iwe na rangi mbili, rangi ya pili mtikisiko wake kasi mara mbili ya ya kwanza. Kwa sababu zimekutana kwa pembe, duara la rangi ya kwanza linasimama wima kuelekea mbele, na rangi ya pili inatikisika kulikata. Ukifuata ncha ya mtikisiko pale pale penye molekuli, haichori tena duara, inachora kamba iliyojipinda yenye urefu, upana na kimo. Imepata kanda. Molekuli haihitaji kuona mnazi mzima, mkono upo hapo hapo ilipo, unachorwa kwa muda na si kwa umbali.

Molekuli ikipigwa na mwanga huo kwa nguvu inajibu kwa kutoa mwanga wake wa rangi nyingine. Kwa hesabu zao, ukiupanga vizuri, pacha mmoja anawaka na mwenzake anakaribia kuzima kabisa. Hapo hatuzungumzii tena moja kwa elfu.

Kufinyanga ndiko huko, mama: kuchagua rangi, pembe, na rangi ya pili ianze lini. Ukiichelewesha nusu ya mtikisiko wake tu, kamba inageuka ya mkono mwingine.

#22 MwanaNewala
Ndala zangu zimeingia Berlin!

#23 SalimuWaUbao
Hao Berlin si ndio wenye mjusi wetu wa Tendaguru? Wamechukua mifupa Lindi kuanzia 1909 mpaka 1913, wamemsimamisha mita 13 na zaidi, watu wanalipa kiingilio. Sasa wamehamia kwenye kafuri.

#24 KoroshoGhafi
Wakimaliza molekuli waturudishie mjusi. Tutampima mkono wenyewe.

#25 MkweziMstaafu
Mjusi hana shida, shida barabara ya kumpeleka Tendaguru ikinyesha.

#26 ShiraNaAsali
Turudi. MajiYaNtama, umesema "kwa hesabu zao". Yaani waliona au walikokotoa?

#27 MajiYaNtama
Ile ya 2019 ni hesabu na kompyuta. Sikuficha, neno "hesabu" nimeliandika.

#28 ShiraNaAsali
Ndiyo ninachosema. Sukari yangu imeonekana kwa macho. Yenu imeonekana kwenye kompyuta.

#29 MtotoWaBiKafuri
Shikamooni wakubwa. Ni mimi ninayekula ada.

#28 leza imeshaijua kafuri kweli, maabara, si kwenye kompyuta tu. Mwaka 2012 huko Kassel, Ujerumani, walichukua mvuke wa kafuri na wa ndugu yake fenkoni, wakaupiga kwa mapigo ya leza ya femtosekunde. Femtosekunde ni sekunde moja uigawe mara milioni, kila kipande ukigawe tena mara bilioni. Pigo linang'oa elektroni kutoka kwenye molekuli. Mwanga ukizunguka kulia na kafuri ikiwa ya kulia, elektroni nyingi zaidi zinarukia upande mmoja, mbele au nyuma kwenye mstari wa leza. Badilisha pacha, zinarukia upande wa pili. Tofauti inafika asilimia kadhaa mpaka karibu kumi, si moja kwa elfu. Nadharia yake ilikuwepo tangu 1976, na mwaka 2001 ilishaonekana kwa njia nyingine isiyo ya leza ya mezani.

Kwa hiyo mama, nilichokuambia sokoni ni hiki. Nilichagua kafuri kwa sababu ndiyo waliyoitumia wao, halafu ilikuwa mezani.

#30 BiKafuri
Kumbe umo humu! Na jana ulisema unaenda kulala.

#31 FundiPedeli
Kijana, hiyo ya elektroni ni nati yangu tena. Nati ukiizungusha kulia kwenye uzi wa kulia inaenda mbele, kwenye uzi wa kushoto inarudi nyuma. Mzunguko unageuka kuwa safari. Mwanga unazungusha, molekuli ndiyo uzi, elektroni ndiyo nati inayotembea. Au nimekosea?

#32 MtotoWaBiKafuri
Mzee hujakosea, wenyewe wanatumia mfano huo huo.

#33 MajiYaNtama
Ngoja. Mfano ni mzuri lakini unanisumbua. Kwenye #21 nimesema duara la mwanga ni bapa, halina mkono mahali hapo. Kijana anasema duara hilo hilo limetoa asilimia kumi. Wasomaji watasema tunapingana.

Hatupingani, kwa sababu kwake mkono unapatikana kwa kupima mbele na nyuma. Duara pamoja na mshale wa "mbele" wa chombo cha kupokelea elektroni, hivyo viwili pamoja ndivyo vina kimo. Kanda ya ndala iko kwenye chombo. Kwa wale wa 2019 kanda iko kwenye mwanga wenyewe, huhitaji kuuliza elektroni imeenda wapi, unaangalia tu umewaka au haukuwaka.

#34 TichaMasasi
Hapo sikubali kirahisi. Parafujo ya mwanga inajipinda kweli angani, umeiita bapa kwa sababu molekuli ni ndogo. Udogo hauondoi mkono, unaupunguza tu. Ule moja kwa elfu si sifuri. Usiwaambie watu hauna mkono.

#35 MajiYaNtama
Nimesema "mahali hapo".

#36 TichaMasasi
Mahali hapo ni wapi kama molekuli nayo ina upana?

#37 KoroshoGhafi
Korosho zimeisha. Natuma mtoto dukani, msimalize.

#38 NanaaMikindani
Mimi naleta la jikoni. Mmesema harufu ya kafuri mbili inakaribiana. Lakini nimesoma kwamba nanaa na kisibiti, harufu ile inayotawala, ni molekuli moja, pacha wa kulia na wa kushoto! Karvoni. Nimenusa vyote leo, havifanani hata kidogo. Sasa pua yangu inajuaje bila leza?

#39 Mfamasia_Lindi
Kwa sababu pua nayo imejengwa kwa vitu vyenye mkono. Protini za mwili wetu karibu zote zimejengwa kwa asidi amino za kushoto, na sukari za mwili ni za kulia. Vipokezi vya puani ni glavu ya mkono mmoja: karvoni moja inaingia, nyingine inabana ikaingia glavu ya jirani. Kwa kafuri glavu inaonekana inawaruhusu wote wawili.

#40 SalimuWaUbao
Kwa nini kushoto? Nani aliamua?

#41 UstadhiWaMtaa
Mola ndiye aliyeumba, na kila kitu kwa kadari.

#42 SalimuWaUbao
Amina ustadhi. Nauliza kwa njia gani.

#43 TichaMasasi
Hapo wanasayansi wenyewe wamegawanyika. Wapo wanaosema ni bahati: mwanzoni kulikuwa na zaidi kidogo ya upande mmoja, ukajizalisha ukaufunika mwingine. Wapo wanaosema ni mwanga wa angani uliozunguka upande mmoja ukawaharibu mapacha wa upande wa pili kabla dunia haijapoa. Kimondo kilichoanguka Murchison, Australia, mwaka 1969 kilikuwa na asidi amino ambazo baadhi zilizidi za kushoto, na hazikutoka duniani. Wengine wanatazama nguvu moja ndani ya atomu ambayo tangu majaribio ya mwanafizikia Bi Wu ya 1956 na 1957 inajulikana kwamba haiwatendei sawa kushoto na kulia, ingawa tofauti yake kwenye molekuli ni ndogo mno.

#44 MwanaNewala
Tukapime kimondo chetu cha Mbozi!

#45 MajiYaNtama
Cha Mbozi ni chuma. Asidi amino utazitafuta mpaka uzeeke.

#46 NahodhaMsimbati
Niko pwani huku. Mlivyoanza hii habari nimeokota makombe ya konokono wa baharini ufukweni, yapo 63 kwenye ndoo. Yote yamejipinda upande mmoja. Ukishika ncha juu, mlango uko kulia. Hata moja la kushoto sijapata. Je, hii nayo ni asidi amino?

#47 Mfamasia_Lindi
Hapana nahodha, usiunganishe. Konokono wapo wanaojipinda kushoto japo wachache, na ndani yao asidi amino ni za kushoto vilevile. Pindo la kombe linatoka kwenye jinsi yai linavyogawanyika mwanzoni.

#48 NahodhaMsimbati
Sawa. Nitaendelea kutafuta la kushoto, nikipata naliuza kwa BiKafuri.

#49 ShiraNaAsali
Nimefanya jaribio nyumbani, mtoto wangu shahidi. Kioo cha kompyuta mpakato kikiwa cheupe, mwanga wake tayari umechujwa. Mbele nikaweka glasi ndefu ya shira nzito ya sukari. Nikavaa miwani ya jua ya wavuvi, ile inayokata mng'ao wa maji. Nikiinamisha kichwa, shira inabadilika rangi: njano, zambarau, buluu. Glasi ya maji matupu, hakuna kitu. Hiyo ni kwa sababu sukari inapinda kila rangi kwa kiasi chake.

Nikajaribu na asali ya Liwale. Nilisoma kwamba asali ya maua kwa kawaida inapinda kushoto wakati sukari ya dukani inapinda kulia, nikataka kumkamata anayechanganya. Nimeshindwa, asali ni nyeusi na pindo lake dogo. Lakini shira nimeiona kwa macho yangu, bila Berlin.

#50 MtotoWaBiKafuri
Mzee hongera, hiyo ni kazi nzuri. Lakini umeona sukari "inapinda kulia". Hujaona molekuli yenyewe imekaaje. Hivi ni vitu viwili. Watu walipinda mwanga karne nzima bila kujua pacha yupi ndiye yupi. Mkemia Mjerumani Emil Fischer alichagua tu, huyu tumchore kulia, nusu kwa nusu kama kurusha shilingi. Mpaka 1951 mwanasayansi Bijvoet, kule Utrecht, Uholanzi, alipopiga fuwele kwa miale ya eksirei akakuta Fischer alipatia. Angekosea, vitabu vyote vya kemia vingegeuzwa.

#51 ShiraNaAsali
Kijana unabishana vizuri. Mama, lipa ada.

#52 BiKafuri
Nimesikia. Sasa nina la mwisho. Kafuri yangu mimi ni ya mkono gani?

#53 MtotoWaBiKafuri
Ikiwa imetoka kwenye mti wa kafuri wa Asia, kwa kawaida ni ya kulia. Ikiwa ya kiwandani, iliyotengenezwa kwa tapentaini ya misonobari, kwa kawaida ni mchanganyiko nusu kwa nusu. Boksi lako limeandikwa jina la kampuni na picha ya ua.

#54 BiKafuri
Yaani marehemu wote hawa wa Mikindani wameoshwa kwa maji yenye kulia na kushoto.

#55 UstadhiWaMtaa
Sheria imesema kafuri, haikusema mkono. Tulia mama.

#56 NanaaMikindani
Mama mimi nataka kujua kama hata ni kafuri. Tupia kipande kwenye bakuli la maji safi. Kafuri inaelea na inachezacheza yenyewe. Nafthalini inazama.

#57 BiKafuri
Nimefanya. Mara ya kwanza ilielea ikakaa kimya, nikashtuka. Kumbe vidole vina mafuta ya mawaridi. Nimeosha bakuli kwa sabuni, nimetumia kibanio. Jamani inacheza! Inazunguka kama pia, wateja wamejaa mezani. Yangu inazunguka kushoto.

#58 MwanaNewala
Basi ni ya kushoto! Uzi umeisha.

#59 MtotoWaBiKafuri
Hapana! Inazunguka kwa jinsi kipande kilivyovunjika, upande wenye ncha unaachia kafuri nyingi majini, unasukumwa. Haihusiani na mkono wa molekuli. Mama vunja kingine.

#60 BiKafuri
Nimevunja vitano. Vitatu kushoto, kimoja kulia, kimoja kinaenda mbele na kurudi kama mtu aliyesahau funguo.

#61 FundiPedeli
Vitatu kwa kimoja. Mimi bado nina mashaka.

#62 MajiYaNtama
Vunja mia moja halafu tuongee.

#63 BiKafuri
Mia moja ni elfu hamsini mwanangu. Nani analipa?

#64 KoroshoGhafi
Nimerudi na korosho. Mmefika wapi?